Eda imeisha ila bondeni nashindwa kurudi. Nilime au nikodishe?

Shikamoo Shangazi. Jina langu usiliweke tafadhali wala kijiji, we sema tu mama mmoja wa Lindi, huku bonde la Lukuledi tunajuana wote na mawifi zangu wanashinda kwenye simu.

Mume wangu alifariki mwezi wa kwanza mwaka huu, presha ilimpanda alfajiri akadondoka uani, mpaka tunamfikisha hospitali keshakata kauli na jioni yake tukazika. Kaniachia watoto wawili, wa kiume yuko kidato cha pili na wa kike darasa la tano. Sisi maisha yetu yote ni mboga za majani Shangazi, tuna kipande bondeni kama robo eka hivi tulinunua wote wawili kwa hela ya mchicha pamoja na hela ya korosho za ule msimu uliokuwa na bei, masika maji yanajaa tunapaacha alafu mwezi wa sita yakishuka tunarudi, matuta ishirini, mchicha, chainizi, bamia, matembele pembeni ya mfereji, tunakula tunasomesha mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili zinatukuta tunavuna ya mwisho. Kazi tuligawana, yeye kulima matuta na maji, mimi kusia, kupalilia, kuchuma na kuuza, nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na mengine napeleka sokoni.

Sasa mwaka huu wenzangu wote wameshashuka bondeni mimi bado. Eda nimekaa yote sijavunja kitu nimetoka mwisho wa mwezi wa tano. Nilishuka siku moja asubuhi nikasema leo nianze hata tuta moja, nimefika kisimani nikakuta tenga lake la baiskeli bado limening'inia pale kwenye mwembe na ndani yake zile kamba za mgomba za kufungia mafungu, alikuwa anazichana jioni akiwa amekaa kwenye dumu, nyembamba zote saizi moja, zimekauka zimejikunja. Miguu ikaisha nguvu. Nikajaribu kuchota maji keni mbili nikaweka mzega begani kama alivyokuwa anafanya yeye, sikufika hata tuta la tatu, nikakaa chini nikalia mpaka mama mmoja wa jirani akaja kuninyanyua. Tangu hapo sijarudi, ndago zimejaa mpaka matuta hayaonekani.

Na watu nao. Wateja wangu nikikutana nao njiani kila mmoja anaanza upya, pole mama fulani, ilikuwaje, alianza kuumwa lini, yani nikifikiria kupita nyumba thelathini na beseni kichwani alafu kila mlango nihadithie kifo cha mume wangu nachoka kabla sijatoka. Wifi yangu mkubwa naye alivosikia nilishuka bondeni kasema kaburi la kaka yake halijaota hata nyasi mi nataka kwenda kucheka na wanaume sokoni. Imeniuma sana kwa sababu Shangazi kweli kuna siku natamani kurudi, natamani ule udongo, alafu najiona kama nimemsahau.

Kuna jirani yetu wa kipande cha juu, mkaka mstaarabu tu ana pampu ya petroli, anataka nimkodishie chote mpaka mvua zinyeshe, hela yake itatosha sare na madaftari ila chakula cha kila siku sijui. Anataka jibu mapema. Nilime au nikodishe? Na usingizi wa usiku sipati vizuri, mchana ndo nalala.

Mama wa Lindi

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Mungu ampumzishe huyo baba na awakuze hao watoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza niliona msiba tu, ya pili ndo nikaona na maji. Angalia ulivoandika mwenyewe, kwenye tenga miguu iliisha nguvu lakini hukurudi nyumbani, ulichota maji. Kilichokukalisha chini ni mzega. Sasa tupige hesabu kidogo maana nadhani hujawahi kuipiga kwa vile haikuwa kazi yako: tuta la mita 1 kwa mita 5 kwenye udongo wa kichanga kiangazi hiki linataka keni mbili za lita 10 asubuhi na mbili jioni, tena hapo hujapitiliza. Matuta ishirini ni keni 80 kwa siku, yani lita 800. Ndo alizokuwa anabeba marehemu begani kila siku ya Mungu, halafu wewe mwili umetoka kukaa ndani miezi minne na zaidi, hulali, huli vizuri, unataka uzibebe siku ya kwanza. Hata hao vijana wanaonyanyua magunia ya korosho wangekaa chini.

Kwahiyo msiba siwezi kukuondolea na mtu asikudanganye kwamba ukishika jembe utasahau, utapalilia huku machozi yanatoka na mchicha utaota vilevile. Ila maji yana dawa, na tukiyatoa maji kwenye hii habari utaona kilichobaki unakiweza.

Dawa ya kwanza watu wangesema tafuta kibarua wa kumwagilia. Mwezi huu? Vijana wote wako kwenye mikorosho wanapuliza salfa, dawa ya ule ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga, na kazi hiyo inawashika mpaka mwezi wa nane, ukimpata wa maji atakutajia hela ya salfa na kesho haji. Achana nayo. Mwanao wa kidato cha pili naye usimgeuze punda wa maji kila alfajiri kabla ya shule, Jumamosi na Jumapili akusaidie inatosha, huyo ana msiba wake pia hata kama hasemi.

Dawa yako ni huyo jirani mwenye pampu. Wewe umeona kuna njia mbili tu, umpe chote au umnyime, mi naona ya tatu. Mpe nusu ya kipande, ile ya mbali na kisima, mpaka mvua zianze, na kodi yake asilipe yote kwa hela, nusu alipe hela upate hizo sare na nusu alipe kwa maji, kila anapowasha pampu mpira upite na kwenye matuta yako. Yeye petroli ananunua tu hata hivyo na kisima ni chako. Sidhani kama atakataa. Muandikishiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, muandike mwezi wa kuanza na mwezi wa kutoka, muandike maji ni mara ngapi kwa siku na pampu ikiharibika inakuwaje, maana pampu zitaharibika. Ustaarabu wa mtu mzuri lakini karatasi haigombani.

Ila kabla hujasaini, kaa na familia. Kipande mlinunua wote wawili, hilo lisemwe kwenye kikao wakiwepo waliowauzia au waliokuwa mashahidi siku hiyo. Sehemu yako ni yako, kinachoingia kwenye mirathi ni sehemu ya marehemu, na kwa mirathi ya Kiislamu mke mwenye watoto ana thumni, moja ya nane, baba na mama wa marehemu kama wako hai kila mmoja sudusi, moja ya sita, inayobaki ni ya watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Dada wa marehemu hapo hana fungu kwa sababu kuna mtoto wa kiume. Sikwambii uende ukamtajie wifi, nakwambia ujue, kwa sababu maneno mengine ya msibani huwa yana shamba ndani yake. Msimamizi wa mirathi anathibitishwa mahakama ya mwanzo, kama bado hamjaenda nendeni, na hicho kipande usikikodishe zaidi ya msimu huu mpaka hilo liishe.

Tukija kwa wifi mwenyewe. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, iko kwenye Suratul Baqara aya ya 234, na aya hiyohiyo inasema muda ukitimia hakuna lawama kwa wanayojifanyia wajane kwa wema. Kulima mchicha ulishe yatima ni wema au sio wema? Usibishane naye, mpelekee fungu la kwanza utakalovuna na salamu. Atakula. Halafu hiyo ya kujiona umemsahau kisa unatamani udongo, mwanangu hiyo bustani mmeilima wawili, ukiitamani unawatamani wote wawili.

Haya twende bondeni.

Usifyeke kipande chote. Narudia kwa sababu najua mtaambiana na hao mama majirani mje siku moja kwa wingi mmalize, mnafyeka, kesho kutwa ndago zinachomoza upya kwa sababu ndago mbegu yake ni zile punje za chini, panga halizigusi, lazima jembe lishuke na uziokote uzianike juani au uzitoe nje kabisa ya kipande. Kazi hiyo fanya kwenye matuta manne tu, yale ya karibu kabisa na kisima. Manne! Mengine yaache na pori lake, halikudai kitu. Na usiyanyanyue matuta kama ya masika, kiangazi kwenye mchanga unafanya majaruba, unashusha kidogo chini ya usawa wa njia ili maji yakae yasikimbie, inapunguza keni nyingi sana. Weka samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita mbili za tuta, ya kuku punguza nusu na kama bado inanuka kali iache, inaunguza miche.

Tuta la kwanza mchicha. Sio kwa sababu ni rahisi tu, ni kwa sababu baada ya siku 21 mpaka 30 unachuma, na wewe saizi unahitaji kitu ambacho kinajibu haraka, bamia itakutesa na kusubiri. Ile mbegu ndogo changanya na mchanga mkavu ili isidondoke kwa mafungu, sia kwenye mistari ya shubiri moja moja, funika kwa udongo mwembamba, tandaza nyasi kavu juu maana sisimizi wanazibeba mpaka unashangaa mbona haikuota. Ikianza kuchungulia, siku ya tatu mpaka ya tano, nyasi zitoe jioni usizitoe mchana jua linaichoma. Tuta la pili sia wiki inayofuata, la tatu wiki nyingine, hivyo ukimaliza kuchuma hili lile limefika na kila wiki mkono unaona hela. La nne panda matembele, hayo hata mbegu hununui, vipando unaomba kwa jirani, urefu wa shubiri na nusu, unalaza nusu yake ardhini, wiki ya tano hivi unakata na yanachipua tena na tena. Bamia weka pembezoni mashimo machache, loweka mbegu usiku mmoja kwanza.

Chainizi subiri mwezi wa nane ukishazoea, ina wadudu, vidukari na wale viwavi wanaotoboa majani, inataka mtu wa kuigeuza majani kila asubuhi. Nyanya mwaka huu usiguse kabisa, hata wakikuambia bei imepanda, kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ikiingia unapulizia dawa kila wiki na bado unapata nusu, hiyo ni vita ya mtu aliyelala usingizi wake vizuri.

Na kama kuna mikorosho ya watu jirani, ulizia siku wanazopulizia salfa, upepo wa kusi unaisambaza mbali, mboga za siku hiyo usichume, na za kesho yake zioshe kabla ya kufunga.

Kuuza. Hapa umenigusa kuliko sehemu zote kwa kweli, watu wanatoa pole kwa nia njema na hawajui kwamba wao ni wa thelathini kwa siku hiyo. Msimu huu usipite nyumba kwa nyumba. Uza kwa tuta. Wachuuzi wanashuka bondeni alfajiri, wanaangalia tuta limesimama, mnapatana bei, anachuma mwenyewe anafunga mwenyewe anaondoka nayo. Bei ni ndogo kuliko ya kupitisha, sikufichi, lakini unalipwa palepale, hubebi beseni, na humhadithii mtu, mchuuzi ana haraka ya kuwahi soko hana muda wa kukuuliza alianza kuumwa lini. Wale wateja wako wa siku zote, tafuta mmoja mwenye mdomo mwepesi, kila mtaa anaye, mwambie wewe mpendwa waambie wenzio nimerudi bondeni, pole zao nimezipokea zote na Mungu awalipe, nikija kupita wasiniulize habari za msiba waniulize habari za mboga. Litafika kabla ya magharibi. Halafu ukija kuanza kupita tena, mwezi wa tisa au wa kumi, ambapo minada ya korosho inakaribia au inaanza na watu wanasubiri hela, anza na nyumba tano za watu unaowapenda.

Tenga na zile kamba. Mwambie mwanao wa kiume akaliteremshe yeye, sio wewe, na alete nyumbani. Kamba ukizilowesha maji usiku mmoja zinalainika, zinafungia, kama unataka kuzitumia zitumie, kama hutaki zifunge kwenye mfuko weka kabatini, hakuna aliyekupangia. Mzega ndo sitaki kuuona begani kwako. Kama siku moja moja pampu haikuwaka beba keni moja moja, mwagilia matuta yaliyosiwa karibuni tu, mengine yatavumilia mpaka kesho.

Usingizi. Mjane kukosa usingizi miezi ya mwanzo ni kawaida, na kulala mchana ndo kunaharibu zaidi usiku, kazi ya bondeni itakurudishia kidogo kwa kuchoka kule kwa mwili. Lakini kama unaona hamu ya kula imekatika kabisa, au yanakujia mawazo kwamba bora na wewe usiwepo, hapo usingoje mchicha uote, nenda zahanati uwaambie hivyohivyo bila aibu wakupe rufaa, pale Lindi mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sokoine, na unaenda na mtu, huendi peke yako. Na pima presha na wewe. Nimesema na wewe kwa sababu wajane wengi wanakumbuka presha ya marehemu wanasahau ya kwao.

Yule mama aliyekunyanyua siku ile kisimani, mfuate kesho, muulize anashuka saa ngapi, mshuke pamoja wiki hii ya mwanzo. Asikusaidie kulima, awepo tu kwenye matuta yake unamsikia anakohoa huko, inatosha.

Na jirani mpe jibu kabla ya Ijumaa, maana mwezi wa sita huu wanaotafuta sehemu yenye kisima ni wengi, akipata kwingine na pampu yake inaondoka naye.

Shangazi